JINA NA TAREHE: KARNE YA MWAKA 1908 KATIKA UGUSII

Mwezi Januari 2008 ilitimia miaka 100 tangu Otenyo Nyamaterere, kijana wa Kitutu, alipomchoma mkuki mtawala wa Kiingereza G.A.S. Northcote katika nchi ya Wagusii. Karne si kipimo kinachopita hivi hivi. Dola, vyuo na makanisa huzisubiri karne zao, huziundia kamati na kuziandikia vitabu. Katika Ugusii wenyewe misheni ya Nyabururu, iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1911, na ile ya Waadventista wa Sabato huko Nyanchwa, iliyoanza mwaka uliofuata, zina tarehe zilizoandikwa tangu mwanzo, na waumini wake huzihesabu bila taabu. Karne ya mkuki wa Otenyo, kwa upande wake, iliangukia mwezi mbaya kupita yote. Uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 ulikuwa umeiingiza Kenya katika machafuko. Katika mpaka wa Borabu na Sotik, upande wa mashariki wa Nyamira, nyumba zilichomwa moto, watu wakauawa, na jamaa za Wagusii na za Wakipsigis zikakimbia kila moja upande wake. Mapatano ya kitaifa yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari. Karne ikawa imetimia katika siku ambazo watu wa mpakani walikuwa wakiwahesabu waliokufa juzi, wala si waliokufa zamani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ukumbusho huo kwa jicho la lugha. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: jamii inapoadhimisha jambo la kale, huadhimisha nini hasa, siku au jina? Jibu lake si jepesi, kwa kuwa Wagusii walihifadhi mambo yao kwa majina, ilhali tarehe ziliwekwa na wale waliowashinda. Hitilafu hiyo si ya wanahistoria peke yao. Inahusu namna majirani wawili waliochomeana nyumba mwaka 2008 wanavyoweza, au wasivyoweza, kukumbuka pamoja.

Maneno ya kukumbuka

Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu, nayo hayana asili moja. Kumbukumbu ni zao la kitenzi kumbuka kwa njia ya kurudufisha mzizi. Ukumbusho hutokana na kauli ya kutendesha ya kitenzi hicho hicho. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kumbukumbu yaweza kuwa ya mtu mmoja moyoni mwake, bali ukumbusho hauwi ila pawepo mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa, na kwa hiyo ndani yake kuna mamlaka. Neno maadhimisho ni la asili ya Kiarabu, ndugu wa adhimu, nalo halitaji kukumbuka hata kidogo bali hutaja kutukuza. Anayesema "maadhimisho ya 1908" amekwisha kutoa hukumu kabla hajasimulia kisa. Hauli, litumikalo Pwani kwa ukumbusho wa kila mwaka wa kifo cha shekhe aliyeheshimiwa, maana yake katika Kiarabu ni mwaka tu. Na yubile limekuja kwa njia ya makanisa. Kuna hata sherehe ya mwaka isiyokumbuka tukio lolote. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekea kule kugeuka kwa mwaka kwenyewe, pasipo kumtaja mfalme, vita wala mtakatifu.

Katika Kigusii, au Ekegusii kama wenyewe wanavyokiita, kitenzi cha kukumbuka ni koinyora. Kitenzi hiki hakidai tarehe. Mtu huweza kumwinyora mamaye, deni, njia au vita, kwa kiasi kile kile. Kwa upande mwingine, mwaka wenyewe si kipimo kigeni: mwaka wa Kiswahili, omwaka wa Kigusii na mwaka wa Kikuyu ni neno moja lililorithiwa kutoka shina la Kibantu. Kilicho kigeni ni namba ya mwaka. Mababu walijua vema kwamba miaka hupita na hurudi na misimu yake. Hawakuwa na sababu ya kuipachika namba mfululizo kuanzia kuzaliwa kwa mtu wa mbali.

Kazi iliyofanywa na namba kwingineko, katika Ugusii ilifanywa na jina. Jina la mtu huweza kubeba habari ya kuzaliwa kwake: Kwamboka ni jina la mwanamke linalotokana na kitenzi cha kuvuka, na kila anapoitwa kuna safari ya mtoni inayotajwa, hata kama wanaomwita hawaifikirii tena. Majina hurudiwa kwa kuwapa watoto majina ya waliokufa, na kwa njia hiyo habari iliyotajwa mara moja huendelea kutajwa vizazi na vizazi. Huu ni ukumbusho usiongoja siku maalumu, kwa kuwa jina hutajwa kila asubuhi mtoto anapotumwa maji.

Majina ya mahali hufanya kazi hiyo hiyo kwa uwazi zaidi. Mji wa Kisii una majina mawili katika vinywa vya wenyeji, nayo yote mawili yafaa kutazamwa. La kwanza ni Getembe, linalohusishwa na mti uitwao omotembe. La pili ni Bosongo. Omosongo ni Mzungu: Kigusii hakina sauti z, na neno lilipoingia lilichukua s. Kiambishi bo- hufanya kazi iliyo karibu na ile ya u- ya Kiswahili katika majina ya nchi, hivyo kwamba Bosongo ni ndugu wa mitaa iitwayo Uzunguni katika miji ya Tanzania. Utawala wa Kiingereza ulifungua kituo chake hapo mwaka 1907, baada ya miaka kadhaa ya kuitawala wilaya kutoka Karungu, ufukoni mwa ziwa. Mtu anayesema leo kwamba anakwenda Bosongo kununua dawa anataja tukio la 1907 bila kujua kuwa analitaja. Ndivyo ilivyo pia kwa mkazi wa Dar es Salaam anayeshuka Kariakoo, au wa Nairobi anayeshuka Kariokor. Majina hayo ni mabaki ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho vijana wa nchi zilizozunguka ziwa walichukuliwa kwa wingi kukitumikia. Hakuna sherehe ya kila mwaka inayotajwa mara nyingi kama majina ya masoko hayo mawili.

Mwaka 1905 na mwaka 1908

Mambo yaliyotokea yanajulikana kwa kadiri ya kutosha. Mnamo Septemba 1905 serikali ya Himaya ya Afrika ya Mashariki ilipeleka jeshi katika Ugusii kwa sababu ya mashtaka ya wizi wa mifugo na ukaidi. Wagusii walilikabili kwa mikuki. W. Robert Foran, afisa wa polisi aliyeshiriki katika safari hiyo, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1936, A Cuckoo in Kenya, jinsi bunduki ya bombomu ilivyopigwa mfululizo hata chuma chake kikawa cha moto kisichogusika, na jinsi watu wa mikuki walivyolala kwa mamia mbele ya mraba wa askari. Huo ni ushahidi wa aliyekuwa upande wa bunduki, tena wa mtu asiyeona haya kuusimulia.

Northcote alikuja baadaye, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, akawa mtawala wa kwanza kukaa Kisii. Watu wa nchi walimwita Nyarigoti. Jina hili lastahili kusimamiwa kidogo, maana ni somo zima la fonolojia. Kigusii hakikubali mfuatano wa konsonanti uliomo katika Northcote. Kikauvunja kwa irabu. Kikaweka mwanzoni nya-, kipande kinachosikika katika majina mengi ya watu na ya mahali katika nchi hiyo. Na ile sauti k iliyotangulia t ikawa g, jambo linalolingana na kanuni ijulikanayo kwa jina la Dahl, ambayo kwayo kipasuo sighuna hughunishwa kinapofuatwa na silabi yenye sauti sighuna. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jina la mji ni Getembe lenye ge-, ilhali jina la lugha ni Ekegusii lenye -ke-. Mtawala aliyekuja kuwaandika watu katika daftari la kodi aliandikwa yeye kwanza katika sarufi yao.

Mnamo Januari 1908 ng'ombe wa watu wa Kitutu walikuwa wakikamatwa na serikali. Masimulizi humtaja Moraa wa Ng'iti, mwanamke mganga na mbashiri, jamaa wa karibu wa Otenyo, kuwa ndiye aliyewachochea vijana waache kutazama tu mali ya baba zao ikiswagwa. Otenyo akamvizia Northcote njiani, akamchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi lilichoma nyumba na nafaka, likateka maelfu ya mifugo, likaua. Kufikia mwanzo wa Februari habari zilizofika London zilitaja wafu 160 wa upande wa Wagusii, pasipo hasara mpya kwa jeshi. Ndipo Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametembea Afrika ya Mashariki, alipoandika kwa hasira kuuliza kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua kwa wingi namna hiyo watu wasioweza kujikinga. Alichelea pia, tena sana, jinsi habari hizo zingepokewa bungeni. Haya mawili hayapasi kutenganishwa.

Northcote alipona, akapanda ngazi za utumishi, akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Huko chuo kimoja cha walimu kilipewa jina lake, nacho kililichukua hadi kilipounganishwa na vingine mwaka 1994. Kwa Otenyo masimulizi yasema alikamatwa, akapigwa risasi, akakatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Uingereza. Jamaa zake na viongozi wa Wagusii wamedai mara kadhaa kirudishwe.

Tarehe ni ya nani?

Hapa ndipo ugumu wa karne unapojitokeza. Mwezi na mwaka wa mkuki wa Otenyo vinajulikana kwa sababu aliyechomwa alikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na karatasi. Kama Otenyo angemchoma mtu wa kijiji cha pili, leo pasingekuwa na Januari wala 1908, bali pangekuwa na kisa na majina. Basi anayetaka kuadhimisha siku hiyo hulazimika kuiazima kutoka kwenye barua za serikali iliyomwua shujaa wake. Waliouawa mwaka 1905 na 1908 hawana hata hiyo: wamo katika barua hizo kama jumla, kwa namba, bila jina hata moja. Masimulizi, kwa upande wake, huwa na majina na hayana jumla. Mtafiti anayetumia barua peke yake hupata hesabu ya maiti wasiojulikana. Anayetumia masimulizi peke yake huwapata Otenyo na Moraa, naye asijue ni wangapi walioanguka nyuma yao.

Kuna wasomi watakaosema kwamba tarehe ya kuazima haifai kuadhimishwa. Hoja hiyo haina nguvu sana. Huko Songea, kila tarehe 27 Februari, wakumbukwa mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Siku yenyewe iliwekwa na mnyongaji, lakini watu wameichukua, wakaitilia maneno yao, ngoma zao na jumba lao la makumbusho, hata imekuwa yao. Tarehe ni kama neno la mkopo, ambalo likishapokea viambishi vya lugha halirudi tena kwa mwenyewe. Tofauti kati ya Songea na Kisii ni kwamba kule dola ilijitia katika kazi hiyo mapema, ilhali huku kazi iliachwa mikononi mwa ukoo na wilaya.

Mfano wa Wahehe nao wafundisha. Fuvu la Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kuwa lirudishwe. Likarudishwa mwaka 1954, miaka 35 baadaye, na sasa limehifadhiwa Kalenga. Ukoo wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, umelitafuta fuvu la mzee wao katika makusanyo ya Ujerumani kwa miaka mingi. Kwa Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyepigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, zilirudi bakora zake kutoka Uingereza mwaka 2006. Dai la kichwa chake lingali linasikika. Dai la Otenyo limo katika mlolongo huo. Katika dai la namna hii karne si ya sherehe tena, bali ni kipimo cha muda ambao maziko yamecheleweshwa, na neno maadhimisho huonekana halifai kabisa. Linalofaa zaidi ni matanga, ila matanga nayo yana siku zake, wala hayakupata kungoja miaka 100.

Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya, tarehe 31 Oktoba 2023 alitaja kwa huzuni na majuto matendo ya ukatili yaliyofanywa wakati wa ukoloni, lakini hakuomba radhi. Kwa mjuzi wa Kiswahili mpaka huo ni wazi. Kusikitika ni hali ya moyo. Kujuta ni kuigeuzia hali hiyo tendo la nafsi yako. Kuomba radhi au kutaka msamaha ni kumwendea mtu mwingine na kumpa uwezo wa kukataa. Vitenzi viwili vya kwanza havihitaji mpokeaji. Cha tatu hakikamiliki bila yeye, na mpokeaji huyo hana budi kuwa na jina. Ndiyo maana dai la ukoo mmoja wa Kitutu, ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hesabu kubwa za ukoloni, lina uzito wa namna yake: linamtaja mwenye kuombwa radhi.

Katika Kenya yenyewe kalenda ya taifa ilibadilika kwa Katiba ya 2010. Tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta kwa kukumbuka kukamatwa kwake na wenzake mwaka 1952, iligeuzwa kuwa Siku ya Mashujaa. Katika sarufi badiliko hilo ni la kutoka jina la pekee kwenda nomino ya wingi katika ngeli ya ji-ma. Wingi huo ni mpana, lakini hauna orodha ndani yake. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 ilikusudiwa kuweka utaratibu wa kuijaza orodha hiyo. Otenyo na Moraa hutajwa siku hiyo, hasa na wazungumzaji wa Kisii na Nyamira, na hapana ubaya. Ila wanatajwa katika tarehe ya tukio la Kenya ya Kati la miaka 44 baada ya mkuki. Kwa watoto wa shule tukio na tarehe vimetengana. Mwanafunzi anayejua kwamba Otenyo ni shujaa wa tarehe 20 Oktoba huenda asijue kabisa kwamba kisa chake ni cha Januari, mwezi ambao shule hufunguliwa na wazazi hutafuta karo.

Vita kimoja, majina mawili

Limebaki jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ndilo lililoifanya Januari 2008 iwe zaidi ya ajali ya kalenda. Kabla ya Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wagusii na Wakipsigis walipigana vita vikubwa ambavyo Wakipsigis walishindwa vibaya. Wagusii huviita Saosao. Wakipsigis huviita Mogori, kwa jina la mto. Upande wa kwanza jina hutajwa kwa fahari. Upande wa pili ni jina la msiba, na huashiria vijana wengi mno waliokwenda wasirudi. Msamiati wa Kiswahili haujaamua: mwandishi wa kitabu cha shule anayechagua Saosao amesimama upande mmoja wa mto, na anayechagua Mogori amesimama wa pili, hata kama kila mmoja anajiona anataja jina tu.

Sherehe ya kila mwaka ya Saosao katika Ugusii, kama ikianzishwa, itakuwa ukumbusho wa jirani aliyeshindwa, utakaofanywa umbali wa kusikika kutoka kwake. Haiyumkiniki kwamba itabaki kuwa historia tu. Mpaka wa Borabu na Sotik wenyewe haukurithiwa ulivyo kutoka kwa mababu wa Saosao. Sotik ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na Borabu ni makazi yaliyogawiwa Wagusii ardhi ya walowezi iliponunuliwa karibu na wakati wa uhuru. Waliochomeana nyumba mwaka 2008 walikuwa wakiishi juu ya mistari iliyochorwa na serikali ile ile iliyopeleka bombomu. Ila mistari haiimbwi, vita huimbwa. Na kijana anayetafuta sababu ya kumchukia jirani hupata jina la vita upesi kuliko ramani ya ofisi ya ardhi.

Mwaka 1905 una habari nyingine. Jeshi la Waingereza lilipiga Ugusii mnamo Septemba. Mnamo Oktoba vita vya Nandi vikaanza, na Koitalel akauawa. Serikali moja, katika majuma machache, ilizipiga nchi mbili ambazo watu wake hawakupata kukaa meza moja. Koitalel alikuwa ndugu wa Kipchomber arap Koilegen, kiongozi wa Talai miongoni mwa Wakipsigis, ambaye naye alihamishwa na serikali mwaka 1914. Mwaka 1934 ukoo wote wa Talai wa Wakipsigis uliamriwa kuondoka, ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, katika wilaya ya Kavirondo ya Kusini iliyotawaliwa kutoka Kisii. Jamaa hizo zilikaa huko hadi karibu na uhuru. Katika vitabu vya historia ya Wagusii habari hii hutajwa kwa nadra, na katika vile vya Wakipsigis mji wa Kisii hutajwa kama mahali amri zilipotoka, pasipo kukumbuka kwamba wenyeji wa mji huo walikuwa wametozwa faini ya ng'ombe na serikali iyo hiyo.

Mwaka 2030 itatimia miaka 125 tangu 1905, na mwaka 2033 miaka 125 tangu mkuki wa Otenyo. Wazee waliosimuliwa na walioona kwa macho wamekwisha kufa karibu wote. Waliosimuliwa na hao wangali wapo, Kitutu na Nyaribari kama Bureti na Sotik. Idara za lugha zina kazi mahsusi hapa ambayo idara za historia haziwezi kuifanya peke yao: kukusanya, katika Kigusii na katika Kikipsigis, majina ya watu, ya mito, ya vilima na ya vita yanayohusu miaka ya 1890 hadi 1914, kila jina pamoja na kisa chake na msemaji wake, kisha kuyaweka majina ya pande mbili katika ukurasa mmoja. Tafsiri ya Kiswahili ya kazi hiyo italeta matata yake, na la kwanza linaonekana tangu sasa. Chini ya tahajia moja ya alfabeti, S ya Saosao huja nyuma sana ya M ya Mogori, na pasina shaka yupo msomaji wa Kisii atakayeuliza ni nani aliyepanga hivyo.